Kosa la Mwanafunzi Lina Hoja Ndani Yake

Yapo makosa ambayo sisi walimu huyafanya darasani na hayasahihishwi na mkaguzi yeyote. Langu moja nalikumbuka hadi leo.

Kabla ya kuwa mhadhiri, nilifunza Kiswahili katika shule moja ya upili. Siku moja mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliwasomea wenzake insha yake: “Kijana kile kimeleta maji.” Darasa likaangua kicheko. Nami, badala ya kukikomesha, nikatabasamu. Mtoto yule akajitetea kwa sauti ya chini, “Lakini mwalimu, ulitufundisha kwamba kitabu kile kimeanguka.” Nikamwamuru aketi. Muhula mzima hakuinua mkono tena.

Leo naona wazi kwamba siku ile mjinga hakuwa yeye. Alikuwa amesikia kitabu, kiti na kikombe, akajiundia kanuni, akaifuata kwa uaminifu. Alilokosa ni jambo moja tu: kwamba nomino inayotaja kiumbe hai, ijapoanza kwa ki-, huchukua upatanisho wa ngeli ya A-WA. Ndiyo maana twasema kijana yule amefika, na kiboko yule amelala. Maelezo hayo yangechukua dakika mbili.

Mwaka 1967 mwanaisimu Mwingereza S. Pit Corder alitoa hoja kwamba makosa ya mwanafunzi humwonyesha mwalimu hatua aliyofikia katika kujifunza lugha. Hoja hiyo niliisoma chuoni, nikaijibia mtihani, nikafaulu, kisha nikaisahau mbele ya mtoto. Je, huo si ushahidi tosha kwamba kufaulu mtihani si kuelimika?

Ualimu ni ufundi. Seremala stadi hutazama kwanza nyuzi za mti ndipo apige randa. Akilazimisha, mti huchanika. Nasi tusipomuuliza mwanafunzi, “Kwa nini umesema hivyo?”, twapiga randa gizani.

Najua mwalimu mwenzangu ataniuliza: muda nitautoa wapi, ilhali wanafunzi ni wengi? Swali hilo ni la haki. Basi na tuchague kosa moja kila juma, lile linalorudiwa na wengi, tulijadili pamoja bila kumtaja mwenyewe.

Mtihani wa KCPE, ulioanza mwaka 1985, ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na sasa twazungumzia umilisi. Hata hivyo, mtaala ubadilishwe mara ngapi, hautamfaa mtoto aliyefundishwa kuogopa kukosea, kwa maana huyo ameacha kufikiri mbele ya watu.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, hawakusema mvunje. Nawe mwanafunzi, kuuliza si ujinga: ukisahihishwa, dai kuelezwa sababu.

Yule kijana sijui aliko. Ikiwa anasoma safu hii, ajue kwamba kanuni yake ilikuwa na msingi, na kwamba mwalimu wake anamwomba radhi.