Kinachouzwa ni Baridi: Biashara ya Mbegu za Ng'ombe Kisii na Nyamira

Mfugaji wa Kisii mwenye nusu ekari hana pa kumfugia dume. Napia iliyopandwa kingoni, kati ya chai na migomba, humtosha ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa, na dume hula sana bila kujaza ndoo. Ng'ombe akipata joto alfajiri, simu hupigwa. Jioni mhimilishaji, fundi wa kupandisha ng'ombe kwa mbegu zilizogandishwa, anafika kwa pikipiki, mtungi wa naitrojeni umefungwa nyuma kwa kamba za mpira.

Ndani ya mtungi huo ni nyuzi 196 chini ya sifuri. Mbegu zimo kwenye mirija ya plastiki myembamba kama njiti za mshikaki, kila mmoja na nusu au robo mililita, jina na namba ya dume zikiwa zimechapwa ubavuni.

Kazi hii haikuanza hivyo. Kenya iliingia kwenye uhimilishaji miaka ya 1930, hasa kupambana na magonjwa ambayo madume walikuwa wakiyasambaza katika mashamba ya walowezi. Kituo cha uhimilishaji cha Kabete kilianzishwa mwaka 1946. Enzi hizo mbegu zilisafirishwa mbichi, zimepozwa tu, na zilidumu siku chache. Watafiti walijaribu hata maji ya nazi kuzihifadhi bila jokofu. Mwaka 1949 Waingereza Polge, Smith na Parkes waligundua kwamba gliseroli huzikinga mbegu zisife zikigandishwa, na tangu hapo dume akaweza kuzalisha hata baada ya kuchinjwa.

Chombo nacho kilikuwa na safari yake. Vichupa vya kioo vilipasuka, vilijaza mtungi upesi, na sehemu ya mbegu ilibaki imenata kwenye kuta za kichupa. Inasimuliwa kwamba Sørensen wa Denmark alipata wazo la mrija alipowaona watoto wakinywa kinywaji kwenye sherehe ya kuzaliwa. Miaka ya 1960 Mfaransa Robert Cassou akaukamilisha kwa plastiki: mrija huo huo unagandishwa, unahifadhiwa na unaingizwa kwa ng'ombe.

Huduma ya taifa ya uhimilishaji ilianzishwa mwaka 1966 kwa msaada wa Sweden. Gari la serikali lilipita kwa ratiba, na mfugaji alimsubirisha ng'ombe kwenye krashi, kizimba cha kumshikilia, kando ya barabara. Ada ilikuwa ndogo mno, lakini ng'ombe hajui ratiba: akipata joto gari likiwa limeshapita, basi. Magari yalichakaa, bajeti ikakauka, na miaka ya 1990 kazi ikaachiwa watu binafsi. Kabete yenyewe sasa ni Kituo cha Rasilimali za Kijenetiki za Mifugo.

Mhimilishaji binafsi ana gharama isiyomsubiri mteja. Naitrojeni hugeuka mvuke mchana na usiku, awe amehudumia ng'ombe wawili au ishirini. Vilima vya Kisii vimejaa watu, wateja wako karibu, ila wahimilishaji wanawagombania. Borabu, upande wa Nyamira, mashamba ni makubwa zaidi: mwendo mrefu, lakini boma moja huweza kuwa na ng'ombe kadhaa wa kuhudumia.

Mrija wa dume wa humu nchini hununuliwa kwa mamia ya shilingi; ule wa kutoka nje uliochaguliwa kuzaa mitamba hufika maelfu. Wanasiasa hupenda kutoa ruzuku ya mirija kwa sababu inahesabika. Mimi ningeweka fedha hizo kwenye vituo vya kujazia naitrojeni karibu na mfugaji. Mtungi ukikauka usiku mmoja, mbegu zote hufa, na mrija uliokufa hauna tofauti yoyote machoni na ulio hai. Hata mrija ukiinuliwa shingoni mwa mtungi kwa muda mrefu huku fundi akitafuta jina la dume, mbegu huanza kuumia.

Hasara hiyo huonekana baada ya siku 21 hivi, ng'ombe anaporudi kwenye joto. Fundi ameshalipwa. Mfugaji amepoteza ada na wiki tatu, na hana namna ya kujua kama kosa ni la mtungi, la saa aliyopiga simu, au la ng'ombe mwenyewe. Anachoweza kudai papo hapo ni kuona mrija ukiyeyushwa kwenye maji yaliyopimwa, nyuzi 35 hadi 37, kisha aachiwe mrija mtupu na jina la dume liandikwe daftarini. Bila daftari hilo, miaka miwili baadaye mtamba anaweza kupandishwa kwa mbegu za baba yake mzazi.