Dawa ya Usubi Hufanyaje Kazi?

Wenzangu huniuliza: dawa ya usubi yampoozaje mnyoo, nasi tulioimeza tukabaki wazima? Inzi wa usubi huzaana katika mito ya kasi, kama Kiwira umwagikao Ziwa Nyasa. Wakituuma hututia minyoo, na watoto wa minyoo hiyo waweza kutupofusha. Mishipa ya fahamu ya mnyoo ina vilango vifunguliwavyo na mjumbe aitwaye glutamati. Ivamektini huvishika vikabaki wazi, mnyoo akapooza. Sisi hatuna vilango hivyo. Vinavyofanana navyo vimo ubongoni, ambamo dawa hii haipenyi kwa urahisi ikitolewa kwa kipimo. Ndiyo sababu ya ile fimbo ya kutupima urefu. Lakini minyoo wazazi hawafi upesi. Huishi miaka 10 hata zaidi, wakizaa tena, kwa hiyo kumeza mara moja hakutoshi.