Bandari Isiyo na Bahari, na Majirani Zake

Mtu wa Unguja au Pemba akisikia neno bandari huwaza maji, gati na mabaharia. Ihumwa hakuna hata kimoja cha hivyo. Ni mahali pa nchi kavu, mashariki ya Dodoma, kwenye njia kuu iendayo Morogoro, ambako mvua ni ya msimu mmoja tu na upepo wa kiangazi huinua vumbi tangu asubuhi. Lakini pana bandari kavu hapo. Na tangu mwaka 2025, treni za umeme zilipoanza kubeba shehena kutoka pwani, na Rais Samia Suluhu Hassan akazindua rasmi huduma hiyo Julai 31 pamoja na bandari kavu ya Kwala, jina la Ihumwa limekuwa na uzito ambao halikuwa nao zamani.

Sisi hatuipingi reli. Taifa lililoamua mwaka 1973 kuweka makao yake makuu katikati ya nchi lilikuwa na wajibu wa kuiunganisha Dodoma na bahari kwa njia iliyo bora kuliko lami inayochakazwa na malori usiku na mchana. Treni moja ya mizigo huondoa barabarani malori mengi, na kila dereva aliyewahi kukwama nyuma ya msafara wa makontena katika milima ya Morogoro atakubaliana nasi bila ya ubishi.

Yapo hata hivyo maneno ambayo hayasemwi sana katika sherehe za uzinduzi. Reli haiyafuti malori, huyahamisha. Kontena lililofika kwa treni halina miguu ya kujipeleka dukani Singida au Kondoa. Lazima literemshwe kwa winchi, likaguliwe, kisha lipakiwe katika lori. Malori yaliyokuwa yametawanyika katika safari ya mamia ya kilomita sasa yanatakiwa kukutana mahali pamoja, kwa saa moja, mbele ya lango moja. Dereva asiyeitwa bado hungoja. Akikosa pa kungojea, huegesha kando ya barabara, utingo hulala chini ya tela, mama lishe huja na masufuria yake, na mtoto wa shule hulazimika kupita katikati ya magurudumu. Faida ya jambo hili ni ya nchi nzima, lakini taabu yake huangukia mtaa mmoja.

Na mtaa wenyewe si pori. Nchi hiyo ni ya Wagogo, wakulima wa uwele na mtama na wafugaji wa ng'ombe. Baada ya Serikali kuanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, wakaongezeka wanunuzi wa viwanja na watumishi. Mji wa Serikali wa Mtumba uko jirani kabisa, na baadhi ya wanaofanya kazi humo ni ndugu zetu wa Visiwani waliomo katika wizara za Muungano. Huenda hao wakatusaidia kufikisha ujumbe huu, maana nao watapita katika vumbi hilo hilo.

Mwenye kutwaliwa shamba anayo sheria ya kuishika. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe mapema, na kanuni zake za mwaka 2001 zinaongeza riba pale malipo yanapocheleweshwa zaidi ya miezi sita. Lakini kanuni hizo zimetungwa kwa ajili ya yule anayeondoka. Yule anayebaki, ambaye nyumba yake iko hatua chache nje ya uzio, hakatwi hata upenzi wa ardhi. Anachopokea ni kelele za usiku, moshi wa dizeli, na maji ya mvua yanayotiririka kutoka katika uwanja mpana wa zege. Kwake yeye ngao iliyopo ni Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, inayotaka athari za mradi mkubwa zichunguzwe kabla ya ujenzi na wananchi wasikilizwe. Kusikilizwa, kwa maoni yetu, si kutia sahihi katika daftari la mahudhurio.

Dar es Salaam ilikwisha kutufundisha. Kurasini watu walijenga, wakazaa na kuzika, ndipo bandari ilipohitaji nafasi, nao wakahamishwa. Kwala, kinyume chake, ardhi ilitengwa mapema mbali na jiji, ikajengwa barabara ya zege ya kilomita 15.5 kutoka Vigwaza kwa ajili ya malori hayo. Dodoma nayo imebahatika kupangiwa barabara ya mzunguko wa nje, kilomita 112.3, inayopita Ihumwa ili malori yasiingie mjini. Ni kazi ya kupongezwa. Ila barabara ya mzunguko huliokoa jiji. Ihumwa yenyewe imo ndani ya njia hiyo.

Sisi wa Visiwani tusilitazame jambo hili kama la watu wa mbali. Wazee wetu waliiona reli ya Bububu, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani mwanzoni mwa karne iliyopita, ikipita karibu mno na kuta za nyumba. Hivi leo makontena ya Malindi yako ubavuni mwa Mji Mkongwe, na bandari mpya imepangwa Mangapwani, ambako pia kuna vijiji.

Tunaiomba Halmashauri ya Jiji la Dodoma, pamoja na Shirika la Reli, itenge kiwanja cha kuegesha malori chenye vyoo na maji kabla idadi ya treni haijaongezwa, na isipime viwanja vya makazi ubavuni mwa uzio kwa sababu tu vinauzika. Ukanda wa miti upandwe sasa, maana mti katika ardhi ya Dodoma hauharakishwi. Muhtasari wa Kiswahili wa tathmini ya mazingira ubandikwe katika ofisi ya mtaa, pahali ambapo mtu aliyetoka kuchunga anaweza kuusoma, au kusomewa, bila ya kuomba ruhusa ya mtu.