Kwa nini mafua hayasikii antibayotiki

Ndugu msomaji, mtoto anapoamka na mafua, wazazi wengi hukimbilia duka la dawa kununua vidonge vya rangi mbili, au humpa masalio ya dawa aliyotumia nduguye. Baada ya siku kadhaa mafua huondoka, na dawa husifiwa. Leo tuone kwa nini haikustahili sifa hiyo.

Mwili wetu umejengwa kwa seli. Ndani ya seli mna viwanda vidogo sana viitwavyo ribosomu. Hivi husoma maagizo yanayotoka katika kiini cha seli, kisha hutengeneza protini zinazohitajika mwilini.

Kirusi hakina kiwanda hata kimoja. Mafua mengi husababishwa na rinovirusi, ambavyo ni maagizo tu yaliyofungwa ndani ya ganda la protini. Kikishaingia katika seli ya pua, kirusi huachia maagizo yake, na ribosomu huyasoma kana kwamba ni ya mwenye nyumba. Mojawapo ya protini zinazotengenezwa hapo hufanya kazi ya mkasi: hukata protini ya seli inayofikisha maagizo ya seli kwenye ribosomu. Basi maagizo ya mwenyeji hukwama mlangoni. Ya kirusi yana mlango wake mwingine, hivyo kiwanda hubaki kikimtumikia mvamizi.

Je, antibayotiki hufanya nini? Eritromisini na tetrasaiklini huzuia kazi ya ribosomu za bakteria, ambazo zina umbo tofauti na zetu. Amoksilini huharibu ukuta wa bakteria. Kirusi hakina ribosomu wala ukuta huo, kwa hiyo dawa haina pa kukishika. Mafua huondolewa na kinga ya mwili, kwa kawaida ndani ya siku 7 hadi 10.

Hasara yake si fedha tu. Kila dawa inapotumiwa ovyo, bakteria dhaifu hufa na sugu hubaki wakizaliana. Siku mtoto akipata nimonia ya bakteria, dawa ile ile inaweza kushindwa kumsaidia.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mwenye mafua apumzike na anywe vinywaji vya kutosha. Nyote nyumbani nawieni mikono kwa maji na sabuni. Mtoto akipumua kwa shida au haraka haraka, au akishindwa kunyonya, mpelekeni hospitali bila kuchelewa. Daktari ndiye atakayeamua kama antibayotiki inahitajika.