Garanti ya nyumba: ya Bruxelles inalala benki, ya Goma inalala wapi?

Mtu anayetafuta nyumba Goma, Bukavu au Uvira haulizi bei ya mwezi peke yake. Anauliza pia: garanti ni miezi mingapi? Mara nyingi jibu la swali hilo la pili ndilo linaloamua kama familia itahama wiki hii au itaendelea kulala kwa shemeji.

Chukua nyumba ya dola 100 kwa mwezi. Mwenye nyumba akidai garanti ya miezi mitatu, hiyo ni dola 300. Kodi ya mwezi wa kwanza ni 100. Komisionere aliyekupeleka kuiona naye anangoja chake, mara nyingi sawa na kodi ya mwezi mmoja. Jumla ni dola 500 kabla ya kuingiza godoro. Garanti ikiwa ya miezi sita, unafika kwenye 800.

Sheria ipo. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2015, inayohusu upangaji wa nyumba zisizo za biashara, inasema garanti ya nyumba ya kuishi isipite miezi mitatu. Lakini nyumba ikiwa moja na wanaoitaka ni watano, yule anayetaja sheria ndiye wa kwanza kuikosa.

Wakongomani walio nje nao wanalipa garanti, na wengi wanalipa kodi ambayo ndugu zao wa hapa wakiisikia wanashika kichwa. Tofauti kubwa iko kwingine: ni nani anabaki na pesa hizo, na zinarudi kwa njia gani.

Bruxelles: pesa ambazo hakuna anayezigusa

Katika mkoa wa Bruxelles, ambako mtaa wa Matonge unajulikana na kila Mkongomani, garanti haipaswi kupita kodi ya miezi miwili. Inapowekwa kwa pesa taslimu, inaingia kwenye akaunti ya benki iliyofungwa, kwa jina la mpangaji mwenyewe. Mwenye nyumba hawezi kuitoa peke yake, na mpangaji vilevile. Inafunguliwa kwa makubaliano ya maandishi ya wote wawili, au kwa uamuzi wa hakimu. Riba ikipatikana, ni ya mpangaji.

Kwa nyumba ya euro 1.000, mpangaji anahitaji euro 3.000 ili aingie: miezi miwili ya garanti na mwezi wa kwanza. Ni pesa nyingi, lakini ni mara tatu ya kodi, wakati Goma ni mara tano mpaka nane. Komisionere? Sheria ya Ubelgiji ya mwaka 2009 inakataza kumlipisha mpangaji kazi ya wakala aliyetumwa na mwenye nyumba. Asiye na uwezo wa kupata garanti anaweza kuomba msaada kwa CPAS, ofisi ya misaada ya jamii iliyo katika kila komini.

Siku ya kuingia, pande mbili zinaandika hali ya nyumba: ukuta huu una ufa, bomba lile linavuja. Siku ya kutoka, karatasi hiyo inafunguliwa tena, na garanti inakatwa kulingana na kilichoharibika baada ya hapo. Bila karatasi hiyo, mwenye nyumba atapata shida kuthibitisha kwamba ufa uliletwa na mpangaji.

Ugumu wa Ulaya unaanzia mapema zaidi, kwenye dosie. Mwenye nyumba anataka karatasi za mshahara, tena mara nyingi za miezi mitatu ya mwisho, na mkataba wa kazi. Ufaransa anaweza kudai pia mtu wa kukudhamini. Aliyefika juzi na bado hana kazi anaweza kuwa na pesa mkononi na bado akakosa nyumba. Kuna na ubaguzi wa jina na rangi. Bruxelles ilikubali kwamba tatizo hilo lipo: tangu 2019, wakaguzi wa mkoa wanaruhusiwa kujifanya wapangaji ili kumpima wakala anayekataa watu.

Kwa garanti yenyewe, Ufaransa ni nyepesi kuliko wote: mwezi mmoja tu kwa nyumba isiyo na vyombo, na pesa lazima zirudishwe ndani ya mwezi mmoja kama nyumba imeachwa vizuri, miwili kama kuna uharibifu. Ujerumani inaruhusu miezi mitatu, lakini mpangaji ana haki ya kulipa kwa awamu tatu, na mwenye nyumba analazimika kuzitenga pesa hizo na mali yake. Huko wana pia kitu wanachokiita "kodi ya baridi", maana yake kodi kabla ya kuongeza joto la nyumba na maji. Mgeni anayesoma tangazo haraka haraka anashtuka mwezi wa kwanza.

Majirani

Si lazima kwenda Ulaya ili kuona tofauti. Nairobi, ambako Wakongomani wengi wanaishi katika maghorofa ya kupanga, desturi kwa nyumba za kawaida ni kodi ya mwezi mmoja pamoja na dipoziti ya mwezi mmoja. Mara mbili ya kodi, na unapewa ufunguo. Sheria, lakini, haimlindi sana mpangaji wa huko: ile ya zamani inayodhibiti kodi inahusu nyumba zisizopita shilingi 2.500 kwa mwezi, na ghorofa lenye choo ndani kwa bei hiyo halipatikani tena.

Dar es Salaam ni kinyume. Huko wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mara moja, na dalali anachukua mwezi wake. Pesa ya kuingia inaweza kulingana na ya Goma au kuipita. Ila ile ni kodi yenyewe: unaila kidogo kidogo kwa kuishi ndani, hakuna wa kumdai mwishoni.

Uganda ilipitisha sheria mwaka 2022. Kodi inatakiwa kuwa kwa shilingi za nchi, isipokuwa mkataba useme vingine, na nyongeza ya mwaka haipaswi kupita asilimia 10.

Dola na franka

Jambo hilo la pesa ya nchi linatugusa sana. Mwanzoni mwa 2023, dola moja ilikuwa karibu franka 2.000. Mwisho wa mwaka huo ilikuwa imepita 2.600. Mwalimu anayelipwa kwa franka na kupanga nyumba ya dola 50 alianza mwaka akitoa franka 100.000 na kuumaliza akitoa zaidi ya 130.000. Mwenye nyumba hakuongeza hata dola moja.

Goma, dola za kodi zina historia yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Gand, Karen Büscher na Koen Vlassenroot, waliandika mwaka 2010 jinsi mashirika ya misaada yalivyobadilisha mji huo. Nyumba za kifahari zilijengwa kwa ajili ya wageni wa mashirika, na kodi zikapanda.

Na garanti inakaa wapi? Kwa kawaida haikai. Mwenye nyumba ananunua nayo mabati, analipa shule, au anamrudishia mpangaji aliyetoka. Si kila mara kwa ubaya: kwa wengi ndiyo mkopo pekee wanaoupata bila benki. Lakini siku ya kutoka, mpangaji anaambiwa angoje mwenzake aingie. Ndiyo maana wengi hawadai chochote: wanaacha kulipa miezi mitatu ya mwisho na "kukula garanti". Mwenye nyumba naye akikuta dirisha limevunjika, hana tena cha kukata.

Kuiga akaunti ya Bruxelles si rahisi kwa sasa. Goma na Bukavu, benki za biashara zilifunga milango mwanzoni mwa 2025, M23 ilipochukua miji hiyo, na waliokuwa na akiba ndani waliona maana ya pesa iliyofungwa.

Kinachobaki mikononi mwa mpangaji ni karatasi. Mkataba unaotaja garanti kwa tarakimu na kwa maneno, ni kwa dola au kwa franka, na itarudishwa baada ya siku ngapi. Risiti ya komisionere ikiwa peke yake. Tena orodha ya hali ya nyumba, pamoja na namba iliyo kwenye kompteri ya umeme siku ya kuingia, kwa sababu kwenye parsele yenye familia nne ugomvi mwingi unaanzia hapo. Nakala mbili, sahihi za pande zote mbili, na shahidi mmoja wa avenue.