Kiharusi na Kijiko cha Uji

Mtu akipatwa na kiharusi, sisi jamaa humkimbilia na uji. Nawasihi tumkimbize hospitali kwanza. Kiharusi huweza kulegeza misuli ya koo, hata uji au maji yakaingia mapafuni na kuleta nimonia. Kukohoa au sauti ya majimaji baada ya kumeza ni dalili, lakini wengine hupaliwa bila kukohoa kabisa. Kwa hiyo asipewe chochote mdomoni, hata kidonge, mpaka wauguzi wampime jinsi anavyomeza. Akiruhusiwa, aketi wima, alishwe kidogo kidogo, kisha abaki ameketi nusu saa. Wengi hurudi kumeza vizuri baada ya wiki chache. Huruma yetu isimpalie mgonjwa.