Mwanga Unaopenya Fuvu la Kichwa

Haya, zimeni taa. Mmoja wenu awashe tochi ya simu, aizibe kwa kidole. Mnaona kidole kilivyong'aa, chekundu pyu? Mwanga mwekundu umepenya nyama; rangi nyingine zimenaswa njiani.

Sasa, baada ya wekundu kuna mwanga mwingine ambao macho yetu hayauoni. Mwaka 1977 Frans Jöbsis, mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, alionyesha kwamba mwanga huo hupita ngozi, hupita mfupa, hufika kwenye ubongo, na mwingine hurudi na habari.

Habari za nini? Za damu. Damu iliyobeba oksijeni na ile iliyokwisha kuitua hazifyonzi mwanga kwa namna moja. Basi taa ndogo hubandikwa kwenye paji la uso au penginepo kichwani, na kihisi hukaa pembeni yake, kama sentimita 3 hivi, kikipokea mwanga kidogo unaorudi. Hapachanjwi wala hapadungwi sindano.

Mfikirieni kijana aliyeanguka na bodaboda akagonga kichwa. Amelala, haitiki. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, ila hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Ukivimba, mishipa hubanwa na oksijeni hupungua. Kifaa hiki cha taa na kihisi huonyesha upungufu huo saa baada ya saa, mgonjwa akiwa pale pale kitandani. Damu ikivilia upande mmoja, upande huo hufyonza mwanga zaidi kuliko wa pili.

Linalonigusa kuliko yote ni hili: mama akimwita kijana wake jina, na ubongo ukasikia, damu yenye oksijeni hukimbilia sehemu ile inayosikia, ndani ya sekunde chache. Midomo haijatikisika, lakini jibu huenda likaonekana.

Mwanga huu hauendi mbali, kama sentimita 2 tu, kwa hiyo jeraha la ndani zaidi bado linataka skani ya CT. Tena nywele nyeusi na nzito huumeza. Ndiyo maana mhudumu hushika chanuo akazitenganisha mpaka kihisi kiguse ngozi. Wanaotengeneza kofia za vihisi hivi wanapaswa kuzijaribu kwenye vichwa vyetu pia, vya rasta na vilivyosukwa, kabla hazijafika wodini.